Wifi Alivifungia Vidonge Vyangu Sandukuni

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, na naishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Nansio, kisiwani Ukerewe. Sina mume wala mtoto. Majirani wamechoka kuniuliza sababu, nami nimechoka kuwadanganya... Leo nasema yote!

Nilizaliwa Mwanza mjini, nikaolewa na Idrisa, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi. Alikuwa mpole na alinipenda, hilo sitamnyima. Shida yetu ilikuwa mtoto. Mimba mbili zilitoka, ya tatu haikuja, na dada yake mkubwa, Bi Asha, mjane tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja, akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Kisha nikaanza kuumwa. Jua linachoma mawe, mimi najifunika blanketi mchana kweupe! Uso ulivimba, nywele zikakatika, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Nikikaa nasinzia, wali unaungua mbele ya macho yangu. Bi Asha akawa anawaambia watu kwamba mdogo wake ameoa gogo. Je, mtu afanye nini mwili wake ukimgomea?

Tulizunguka kwa waganga, nikachanjwa chale mpaka mgongoni, wapi! Mwishowe Idrisa akanipeleka hospitali. Daktari, Mhindi mmoja wa maneno machache, alinishikashika shingo, akaniuliza maswali mengi. Akasema kuna tezi shingoni inayoupa mwili joto na nguvu, na yangu imechoka. Akanipa chupa ya vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi za kondoo. Nimeze kimoja kila asubuhi, maisha yangu yote. Nisiruke, nisiongeze, na nirudi kwake chupa inapokaribia kwisha.

Jamani, nilifufuka! Uso ukarudi, blanketi likakunjwa likawekwa. Haukupita muda mrefu nikashika mimba, na hii ikakaa. Idrisa akaanza kushona vinguo vidogo vidogo kwa mabaki ya vitambaa, anavificha akidhani sivioni. Nilikuwa na furaha mpaka naogopa kuisema.

Ramadhani ikaingia. Mimi mjamzito ningeweza kula na kulipa baadaye, dini yetu imeruhusu. Lakini Bi Asha alisema wanawake wa ukoo wao hufunga na mimba zao, mimi ndiye niliyezidi kudeka. Nikasema sawa, nitafunga, ila kidonge changu nitameza. Akacheka. Kidonge cha asubuhi kinabatilisha saumu, akasema, basi nimpe chupa anitunzie mpaka Idi nisije nikashawishika. Kwa kuwa daktari alikuwa amesema asubuhi, hakuna aliyewaza saa nyingine. Nikamtazama mume wangu. Idrisa akasema mwezi mmoja si mwingi... Chupa ikaingia sandukuni, Bi Asha akalifunga, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga yake.

Mtaniuliza, kwa nini sikwenda kwa daktari? Niliambiwa ni aibu mwanamke wa Kiislamu kumwuliza mwanamume, tena si wa dini yetu, habari za saumu yake. Nami niliona aibu kweli.

Kabla mwezi haujaisha baridi ilinirudia. Wenzangu wanafuturu wakicheka, mimi nasinzia tonge liko mkononi. Niliomba chupa yangu. Nikaomba tena nikilia. Bi Asha akasema ndiyo saumu inanitoa uvivu. Nikawa nakwenda kulia nyuma ya nyumba, kwenye yale mawe makubwa, nikitazama ziwa, na hakuna aliyenifuata kuniuliza nina nini.

Siku ya Idi alinirudishia chupa mbele ya Idrisa.

"Sasa vilipe," akasema. "Saumu ukiikosa unailipa, na dawa uliyoiacha ni vilevile. Meza vingi vingi mpaka vitimie."

Kwa jinsi tulivyolelewa, maneno hayo yaliniingia moja kwa moja. Nani kati yetu hajui kulipa siku zake? Idrisa mwenyewe ndiye aliyeniletea maji. Nikawa nameza vitatu, mara nyingine vinne kwa siku, kwa nia njema kabisa, nikidhani namsaidia mwanangu!

Moyo ukaanza kwenda mbio... Mikono ikatetemeka hata kikombe hakishikiki, jasho linatiririka, usingizi umekimbia. Nilipowaambia, walisema dawa inafanya kazi. Alasiri moja nilikuwa nafagia ua, tumbo likanikata, nikaanguka. Idrisa alinipeleka hospitali kwenye mkokoteni wa kubebea marobota ya pamba, akilia njia nzima. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakupumua hata mara moja.

Daktari alipopata habari ya vile vidonge alivuta kiti karibu na kitanda changu.

"Mama, dawa hii hailipwi kama saumu," akaniambia. "Ungeniuliza, ningekwambia uimeze wakati wa daku, kabla ya alfajiri."

Wakati wa daku! Basi! Alisema hawezi kujua kilichomuua mtoto, kama ni kukosa dawa au ni kuizidisha, maana yote mawili yana hatari, zaidi kwa mjamzito. Aliyeacha kwa muda mrefu hurudi kwa daktari ili aanzishwe upya taratibu.

Lakini lililonivunja lilikuwa bado linakuja. Baba yangu alipokuja kunijulia hali na kuuliza ni nani aliyenipa shauri lile, Bi Asha akaapa kwamba hakusema neno, ni mimi niliyevibugia kwa ujinga wangu. Wote tukamgeukia Idrisa. Alikuwepo! Alisikia! Maji alileta yeye! Idrisa akainamisha kichwa, akanyamaza.

Arobaini haikuisha nikapewa talaka. Mtaa mzima uliniita mwanamke aliyemuua mtoto wake, na nikipita kisimani mazungumzo yanakatika. Ndipo nikavuka kuja huku kwa mama mkubwa, ambaye naye Mungu amemchukua. Sasa nikipika, napika cha mtu mmoja.

Dada zangu, nawasihi. Dawa yako itunze wewe mwenyewe, usimpe mtu akufungie. Ukisahau ya jana, meza ya leo peke yake. Ukitaka kufunga, au ukishika mimba, nenda ukamwulize daktari kwa kinywa chako, aibu iweke kando. Mimi aibu yangu ilinigharimu kile ambacho hata nikilia miaka mia sikipati.

Ramadhani hii naamka daku, nameza kidonge changu kwa maji, nasubiri kidogo, ndipo nakula. Mwanangu mwaka huu angekuwa amefikia umri wa kujaribu saumu yake ya kwanza... Ningemwamsha mimi.