Midomo ya Kuazima

Jua lilikuwa linazama Mfinyanzi alipofika kwenye geti la makumbusho. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kulowesha kitambaa kinachofunika kazi yake, udongo usije ukapasuka. Uongo mtupu. Alikuwa amekuja kuibomoa.

"Mama, si kesho ndiyo wageni wanakuja kuiona?" mlinzi aliuliza.

"Sikawii, kaka."

Kazi yake ilikuwa kuyarudishia mafuvu ya kale sura zake. Fuvu la safari hii lilikuwa la mwanamke aliyefukuliwa watu walipokuwa wakichimba msingi, aliyezikwa kabla babu wa babu wa mtu yeyote hajazaliwa. Mfinyanzi alibandika vijiti vya kupimia unene wa nyama, akajaza udongo mpaka vikazama na mashavu yakajitokeza. Ila mfupa hausemi midomo ilikuwaje. Hapo fundi hubuni.

"Ubuni, usiazime kwa aliye hai," mwalimu wake alimwonya zamani, naye akacheka chinichini, akidhani mzee ana mambo yake ya kishirikina. Basi siku moja akampima midomo Kidoti, bintiye wa pekee, akiwa usingizini. Alipima kwa vidole tu, akaja kuifinyanga hapa. Ilipendeza kupita kiasi.

Kesho yake Kidoti hakuamka kwenda shule. Madaktari walipima damu, wakapima mkojo, wasione ugonjwa wowote. Mtoto alizidi kuisha kama kipande cha sabuni. Sasa hata kusema hasemi, na midomo yake imekauka, ikapasukapasuka kama udongo uliokosa maji. Hapo ndipo mama alipokumbuka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alikuwa ameazima midomo ya mwanawe akamvika maiti.

Aliingia karakana, akafunua kitambaa.

Harufu ikamjia puani... haikuwa ya udongo. Ilikuwa dawa ya kuchua aliyompaka Kidoti kifuani mchana ule.

Akashika kisu, akakwangua pembe ya mdomo. Kidogo tu.

Simu ikaita.

"Mama Kidoti," mumewe alinong'ona. "Mtoto anatoka damu mdomoni. Imeanza sasa hivi. Uko wapi?"

Kisu kikamponyoka. Akaurudishia udongo kwa kidole gumba, machozi yakimtiririka.

"Damu imekatika?"

"Imekatika. Lakini pumzi inamwishia... Njoo, mke wangu. Njoo umuwahi."

Akibomoa, mtoto anakufa. Akiacha, mtoto anakufa. Alihisi akili inamruka. Akapiga magoti mbele ya kile kichwa, yeye ambaye hakuwahi kuamini kitu asichoweza kukishika.

"Niachie mwanangu," alisema. "Chukua chochote."

Akainamisha kichwa, akasubiri.

Kisha... chwa. Mlio wa midomo yenye mate ikiachana.

Akaigusa. Ilikuwa na joto.

Ndipo alipoelewa. Aliyenyamaza miaka yote hiyo hakutaka uzuri, alitaka mdomo. Uwe wa nani, kwake ilikuwa mamoja. Mama akapapasa midomo yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafinyanga juu ya ile ya Kidoti bila kuikwangua. Akaifanya minene zaidi, na chini yake akatia kovu dogo alilolipata utotoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Simu ikaita tena. Mumewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ameomba maji. Amekaa kitandani, anakuulizia. Mama Kidoti, unanisikia?"

Furaha ilimjaa hadi akashika meza asianguke. Akafungua kinywa amwambie anakuja. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Pale midomo yake ilipokuwa, ulimi wake uligusa kitu kikavu, kigumu, chenye nyufa.

"Halo? Mbona kimya?"

Kutoka kwenye kile kichwa pale mezani, sauti yake mwenyewe ikajibu, laini, bila haraka.

"Nakuja, mume wangu. Nifungulieni mlango."