Pete ya Thelathini na Nane

Kila Jumamosi, Fides akishachota maji na kuosha vyombo, alishika njia ya matopeni kwenda kibandani kwa Shangazi Fausta, pembeni mwa mashamba ya mpunga ya Kamsamba. Shangazi alikuwa na kazi ambayo watu hawakuchoka kuitania: aliwavisha ndege pete ndogo zenye namba miguuni, ili watambulike wakirudi. "Harusi ya mbayuwayu lini?" walimwuliza gengeni, naye aliwajibu kwamba mahari bado.

Februari ilikuwa inakwisha. Wiki iliyofuata mbayuwayu wangekusanyika kwenye matete kabla ya safari ya kurudi kaskazini, na kibanda hicho, kituo cha kuwavisha pete, kilipaswa kuwa tayari. Shangazi alikuwa nje akiziba matundu ya nyavu kwa uzi mwembamba. Fides na rafiki yake Brenda walipewa kazi ya kufuta meza na kupanga mizani na madaftari. Fides aliisubiri wiki hiyo kwa hamu kubwa, maana shangazi alikuwa amemwahidi, "Safari hii ndege wa kwanza ataruka kutoka mkononi mwako."

Rafuni palikuwa na pete mia moja zilizotungwa kwenye waya. Fides alitaka kuziona kwa karibu tu. Akaufungua waya, mkono ukateleza, pete zikamwagika chini kama mtama. Kuku aliyekuwa akizurura mlangoni alidonoa mara moja, akatimua mbio.

Waliokota upesi. Fides alizitunga jinsi bibi yake alivyomfundisha kutunga shanga: zinazong'aa upande huu, zilizofifia upande ule. Zilipendeza sana. Alipozihesabu, zilikuwa tisini na tisa.

"Nyamaza tu," Brenda alinong'ona. "Nani atajua? Ndege mwenyewe hajui kusoma."

Shangazi akaingia kunywa maji, akafungua daftari la zamani.

"Njoo umwone huyu, mwanangu. Pete yake inaishia na sitini na moja. Nilimvisha mwaka juzi, mwaka jana nikamkamata tena kwenye matete yaleyale. Mbayuwayu wote wamevaa koti moja. Bila namba ningemjuaje? Ndiyo maana pete nazipanga kwa kufuatana na mistari ya daftari. Ndege akiwa mkononi, hakuna muda wa kutafutana na namba."

Fides aliutazama waya rafuni. Aliogopa kumkosa ndege wake. Aliogopa zaidi kumwona shangazi akiandika uongo bila kujua.

"Shangazi, pete nilizimwaga," alisema. "Nimezitunga ovyo. Na moja imeliwa na kuku."

Shangazi aliushusha waya kutoka rafuni. Kisha akachukua lenzi ya kusomea namba, akaiweka mezani. "Kaa hapa. Tuanze na ya kwanza."

Walizipanga upya mpaka jua likaelekea kuzama. Brenda naye alibaki, akizisoma namba kwa sauti ya chini. Iliyokosekana ilikuwa ya thelathini na nane.

"Basi huyo kuku wa jirani yetu Mama Atupele kachumbiwa," alisema shangazi, na wote watatu wakacheka hadi machozi. Kisha akampa Fides kalamu. Kwenye mstari wa thelathini na nane Fides aliandika: Haipo. Nilizimwaga mimi, Fides.

Siku ya kufungua kituo ilipofika, Fides alisimama nyuma ya Brenda na watoto wengine waliokuja kutazama. Hakuthubutu kuomba kitu. Shangazi alimvisha pete mbayuwayu wa kwanza, akamwita.

"Nilidhani umeninyima ndege wa kwanza," Fides alisema.

"Wavu ukitoboka, natazama tundu na naliziba. Daftari likiwa na uongo, tundu silioni, na kazi yangu yote inavujia humo. Wewe ulinionyesha tundu lilipo, ingawa ulikuwa unaogopa. Mtu wa hivyo ndiye ninayemtaka kituoni. Nyoosha mkono."

Mkono uliozoea kuwafukuza ndege mpungani ulifunguka polepole. Mbayuwayu alikaa kiganjani kidogo, mwepesi na mwenye joto, kisha akaruka kuelekea matete akiwa na namba yake.