Baridi Ikizimwa Kutoka Mbali

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Mama Mashaka aliugusa mlango wa chumba cha baridi. Ukiwa wa baridi, moyo wake ulitulia. Humo mlikuwa na nyama za watu, maziwa ya watu na maua ya watu. Yeye na mumewe kazi yao ilikuwa kutunza tu.

Hakuwa na mtoto aitwaye Mashaka. Jina hilo alibandikwa na mumewe, maana hakuwa mtu wa kuamini upesi.

Siku moja fundi wa mitambo alipiga simu. "Shemeji, niko kwangu nimekaa zangu. Hebu tazama chumba chenu, nakiendesha kwa simu."

Taa ya mtambo ikazimika. Ikawaka tena. Fundi akacheka, mume akacheka. Mama Mashaka hakucheka.

"Umetumia namba gani ya siri?"

"Ile niliyoiweka nilipofunga mtambo. Wateja wangu wote nimewawekea hiyo hiyo, nisisahau."

"Na mwingine akiijua?"

"Nani, shemeji? Mwizi wa baridi?"

Siku hiyo hiyo alimfanya aibadilishe. Hata hivyo, wasiwasi haukumtoka. Anayeweza kuzima kwa mzaha, mwenzake anaweza kuzima kwa ubaya.

Wiki ile wakala wa bima alikuja kuhuisha mkataba wao. Alikuwa na tabasamu lisilochoka, na hilo peke yake lilimtia Mama Mashaka shaka.

"Hii ni bima ya dhima," wakala alieleza. "Mali ya wateja ikiharibika mikononi mwenu, mkawajibika kuilipa, kampuni inalipa kwa niaba yenu."

"Na mtu akiingia kwa mtandao, akazima baridi?"

"Yote yamo humu, mama."

"Yamo wapi? Weka kidole."

Wakala alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kidole kilikosa pa kutua.

"Lakini haijakatazwa," mume alimtetea. "Kisichokatazwa kinalipwa. Muache mgeni anywe chai."

"Chai anywe. Mimi sisaini."

Jioni alimfuata wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya madai ya bima. Hata huyo, Mama Mashaka alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe si mmoja wao?"

"Ndiyo maana najua wanavyokataa," wifi alijibu, akavuta mkataba. Alisoma taratibu. "Umeona? Hausemi kwamba shambulio la mtandao linalipwa. Hausemi pia kwamba halilipwi. Umenyamaza. Nyama ikioza, nyinyi mtasema limo. Kampuni itasema halimo. Mtavutana, na mwenye nyama anawasubiri mlangoni."

"Kaka yako anasema ukimya ni ruhusa."

"Kaka yangu alimwamini hata aliyemuuzia saa isiyo na mashine." Wakacheka wote wawili. "Sikiliza, wifi. Waulize kwa maandishi, wakujibu kwa maandishi. Kifungu kiseme wazi: chanzo kikiwa kompyuta au mtandao, hasara ya wateja inalipwa au hailipwi. Wakikataa, utatafuta bima ya mtandao pembeni. Uliza na masharti yao. Halafu jua jambo moja: dhima ni kwa hasara ya wengine. Mtambo wenu ukiharibika, hiyo ni bima nyingine."

"Nikuamini?"

"Usiniamini. Soma."

Wakala alinuna, lakini alipeleka swali. Kampuni ilikubali kuongeza kifungu, ada ikapanda kidogo. Sharti lilikuwa kubadilisha namba ya siri mara kwa mara na kuweka kengele ya joto. Mama Mashaka alisoma kila mstari kwa sauti, mumewe akipiga miayo. Ndipo akasaini.

Miezi ikapita. Mume akapokea ujumbe uliojifanya umetoka kwa waliounda mtambo. Walitaka namba ya siri "kwa ukaguzi". Akawapa. Kengele ilipolia, wezi walikuwa wameshafunga mtambo na wanadai fedha ili waufungue. Fundi alipofanikiwa kuuwasha, nyama ilishaanza kunuka.

Mwenye bucha alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mtanilipa, au nitafute wakili?"

Mume hakuinua uso. Mama Mashaka alimpigia wifi, kisha kampuni, akawaeleza kilichotokea bila kuficha kosa la mumewe. Mkaguzi alikuja. Aliuliza habari za namba, akaijaribu kengele, akasoma kifungu. Masharti yalikuwa yametimizwa, hakukuwa na la kubishania. Wateja wakalipwa. Matengenezo ya mtambo, Mama Mashaka na mumewe walijilipia wenyewe.

Mwenye bucha alirudi na nyama mpya begani. Hakuishusha.

"Na hao wa mtandaoni wakirudi?"

"Namba haipo tena kwa mume wangu," Mama Mashaka alisema. "Na wakipenya kwingine, nyama yako imeandikwa kwenye mkataba."

Mwenye bucha alimtazama mume, akamtazama mke. Kisha akaushusha mzigo, miguuni pa mke.