Nondo ya Mutie

Mutie alikuwa ameishika plagi mkononi, na kinanda kilikuwa bado kinawaka.

Mwanzoni hakushtuka. Fundi wa vyombo vya muziki anajua kuna vipuri vinavyobaki na stima kidogo hata baada ya kuzimwa, na ikiisha, taa hufa yenyewe. Basi akaiweka plagi mezani, akanywa chai, akamlaani kimoyomoyo mwanakwaya aliyemwagia kinanda soda, kisha akarudi kukitazama. Bado kinawaka. Akapima kwa mita, mita ikasema hakuna kitu. Akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja mpaka akafikia ule wa kijani uliopita dirishani kwenda ardhini. Alipouchomoa, taa ikazima. Alipourudisha, ikawaka.

Mtu mwenye akili zake angefunga duka na kwenda zake. Mutie alicheka.

"Wavinya! Kuja uone!"

Mkewe akatokeza kichwa kwenye pazia. Duka lilikuwa sebule yao hapo mtaani Huruma, na maisha yao mengine yote yalikuwa nyuma ya pazia hilo.

"Si umechomoa?" Wavinya akauliza.

"Nimechomoa."

"Sasa inatumia nini?"

"Sijui, na sitaki kujua. Hiyo ni stima ya bure, mama."

Waya huo ulikuwa na habari yake. Duka la Mutie lilikuwa na ugonjwa wa mvumo: kila spika iliyojaribiwa pale ilinguruma, hata iliyokuwa nzima, na wateja wakaanza kunong'ona kwamba fundi huyu anaharibu vyombo vya watu. Aliyeweka nyaya za jengo hakujisumbua kuweka ule wa kwenda ardhini. Basi Mutie akaokota nondo iliyobaki kwenye ujenzi wa jirani, akaipigilia nyuma ya jengo, penye udongo majimaji unaoteremkia Mto Mathare. Iliingia kwa shida, kisha ghafla ikazama kwa ulaini uliomtoa jasho, kana kwamba huko chini kulikuwa na nyama. Akaifunga kwenye ule waya wa kijani, akamwagia maji ya chumvi, kama wafanyavyo mafundi ili ardhi ipitishe stima vizuri. Mvumo ukaisha siku hiyo hiyo.

Sahro, jirani yao, alikuwa akianika nguo palepale.

"Fundi, umesema chochote kabla ya kumwaga?"

"Niseme nini? Niongee na matope?"

"Sisi hata maji ya moto hatumwagi chini bila kusema Bismillahi. Unaweza kumuunguza mwenye mahali pake. Na wewe umemdunga chuma, ukamtia chumvi."

"Sahro, majini wanakaa Mombasa. Huku Huruma hata watu hatuna nafasi."

Sahro hakucheka. Alichukua beseni lake akaingia ndani.

Stima hupotea sana upande ule, na kila ilipopotea, mtaa mzima ulikuwa giza isipokuwa dukani kwa Mutie. Alijiona mjanja. Kila asubuhi alimwaga chumvi zaidi, kwa sababu udongo ulivyolowa ndivyo taa zilivyong'aa. Wavinya, mwimbishaji wa kwaya, akapata nafasi ya kufanya mazoezi jioni, ameketi kwenye kinanda, miguu peku sakafuni. Sauti yake ndiyo iliyomfanya Mutie ampose, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Angesikia wanawake mia wakiimba pamoja, angemtambua wake.

Kisha Wavinya akatokwa na kidonda chini ya unyayo. Kilikuwa duara, upana wa nondo, hakitoi damu, kinatoa maji yanayonuka tope na nywele zilizoungua. Kila asubuhi Mutie akiwa nyuma na chumvi yake, mkewe alilia ndani. Fundi aliyejua kuunganisha nyaya za kila rangi hakuyaunganisha hayo mawili. Alimnunulia dawa ya kupaka tu.

Baadaye sauti ikaanza kumpotea. Alizungumza kwa kunong'ona, akanywa maji mtungi kwa mtungi na kiu isiishe. Jioni moja stima zilipopotea, Mutie akiwa nje akamsikia akiimba, akafurahi, akasukuma mlango akiwa tayari kumtania, na pale alipomwona ameketi mbele ya kinanda, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka, mikono mapajani, ilhali spika isiyounganishwa na kipaza sauti chochote inaimba kwa sauti yake ileile, polepole, kwa lugha asiyoijua, na chini ya wimbo kuna mtu anayepumua kwa maumivu, akajua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba alichokuwa akikiita stima hakikuwa stima.

"Wavinya," akanong'ona.

Midomo ya mkewe haikusogea. Spika ikajibu, "Naam."

Pasta Jackton wa kanisa lao alikuja kuomba. Aliomba mpaka shati likalowa, na kila alipotaka kusema amina, spika ilimtangulia kuisema, kwa sauti ya Wavinya, kwa adabu kabisa. Pasta akakumbuka ana mkutano.

Mutie akameza aibu akabisha kwa Sahro. Sahro hakumsimanga. Alimleta mjomba wake kutoka Eastleigh, mzee mkavu mwenye macho mekundu, naye akasoma aya juu ya maji, akayanyunyiza kwenye pembe za chumba. Chumba kikajaa harufu ya tope. Spika ikatetemeka.

"Unataka nini?" mzee akauliza.

"Nilikuwa nimelala," spika ikasema. Sauti ilikuwa ya Wavinya, uchungu haukuwa wake. "Huyu akanidunga. Nikapiga kelele, akanitia chumvi. Kila siku chumvi. Nimetafuta wa kunisaidia kubeba maumivu."

"Nisamehe," Mutie akasema. "Tafadhali. Sikujua kuna mtu."

"Toa chuma."

Mutie hakumngoja mzee aseme neno. Alikimbia nyuma, akaikumbatia nondo kwa mikono miwili na kuivuta. Ikatoka kwa urahisi, nyeusi, imelowa kitu kizito ambacho hakikuwa maji. Papo hapo Sahro akapiga ukemi ndani: "Fundi! Rudisha! Hapumui!"

Alichungulia dirishani akamwona mkewe sakafuni, midomo ya bluu, na kutoka kwenye unyayo wake kitu kilekile cheusi kikimwagika bila kukoma. Akarudi mbio, akaitumbukiza nondo tundu lilelile huku akilia kwa sauti. Wavinya akavuta pumzi.

Mzee alikuwa akikunja kanzu yake. "Chuma kimewashona pamoja," akasema kwa upole. "Ukikitoa, wanakufa wote. Kikikaa, wataishi hivyo."

"Mpaka lini, mzee?"

Mzee akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Udongo ukikauka Wavinya hulegea, vidole vyake huwa baridi na pumzi humpungua. Kwa hiyo ni lazima ulowe, na maji matupu hayatoshi, Mutie alijaribu. Wateja wameongezeka. Wanasifu jinsi vyombo vinavyosikika safi hapo dukani, hakuna mvumo hata kidogo, na wanauliza yule mama anayeimba kwenye spika ni nani.

Leo asubuhi Wavinya aliketi nyuma ya jengo juu ya ndoo, mguu kaunyoosha, macho kayafumba. Mutie alisimama juu ya nondo na jagi lake la maji ya chumvi, akashindwa kumwaga.

"Mwaga," spika ikasema kutoka dukani.

"Itakuuma, mpenzi."

"Mwaga, Mutie."

Akamwaga. Kutoka dukani vikatoka vilio viwili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe, Mutie alisikiliza kwa makini yake yote asitambue kipi kilikuwa cha mke wake.