Karanga za Kiranja wa Chakula

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya Kizwite, Kristiana alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kunywa uji wa ulezi akiwa amesimama. Kisha alijitanda khanga ya mama yake juu ya sweta, maana baridi ya Sumbawanga haimhurumii mtu, akashika njia ya shule. Kwenye kona ya barabara alimkuta Ummy, mwenzake wa darasa la sita ambaye walikaa dawati moja.

"Mambo, Kristi?" Ummy alimsalimu.

"Poa," Kristiana alijibu, lakini macho yake yalikuwa yameshafika miguuni kwa mwenzake.

Ummy alivaa viatu vya mvua, vyekundu, vipya kabisa. Kristiana alivitazama vikikanyaga tope bila woga, kisha akatazama vyake ambavyo vidole vilikuwa vinachungulia nje, na moyo ukamuuma. Baba yake Ummy, Bwana Ridhiwani, alikuwa na duka mjini na lori la kwenda Kipili kuchukua samaki. Hilo Kristiana aliweza kulivumilia. Lililomshinda ni kwamba Ummy alikuwa pia mwema. Aliwaazima wenzake kalamu, aliwavusha wadogo barabara, na hata mama yake Kristiana alizoea kusema, "Yule mtoto wa Ridhiwani ana adabu." Kristiana aliona si haki. Mwenye viatu vile angekuwa walau na roho mbaya, ili wengine nao wapate cha kumzidi!

Siku hiyo mstarini, Mwalimu Mboje alitangaza kwamba shule inahitaji kiranja mpya wa chakula. Wazazi walikuwa wamechanga mahindi na maharage ili watoto wale makande mchana, na kiranja ndiye angeshika upawa na kuhakikisha kila mtoto anapata sawa na mwenzake. Waliopendekezwa walikuwa wawili: Ummy na Kristiana. Uchaguzi ungefanyika Ijumaa, kila mwanafunzi akisimama nyuma ya anayemtaka.

Kristiana aliutaka upawa ule kama mgonjwa anavyotaka maji. Hatimaye kingekuwepo kitu kimoja ambacho Ummy hana.

Jioni aliporudi nyumbani alikuta majirani wakimalizia kazi shambani kwao. Baba yake alikuwa amewaalika kuinua matuta na kufukia majani ndani yake, kazi ambayo Wafipa huifanya kwa kusaidiana. Mama yake, Mama Fransiska, alikuwa anawamiminia togwa na kuwagawia karanga za kukaanga.

"Kwa karanga hizi, mama, hata kesho nitakuja bila kuitwa," jirani mmoja alisema, na watu wote uwanjani wakacheka.

Kristiana hakucheka. Alikuwa anawaza. Kumbe watu wakikufanyia kazi, unawalisha. Na yeye Ijumaa alikuwa na kazi ya kuwaomba watu, kazi ndogo tu ya kusimama nyuma yake. Halafu Ummy, mtoto wa mwenye duka, angekosaje kugawa pipi? Hakuna aliyemwambia kwamba Ummy atagawa pipi. Ni wivu wake ndio uliomnong'oneza, naye akauamini.

"Mama, naomba karanga zilizobaki nikale na wenzangu shuleni."

"Chukua, mwanangu. Kula na wenzako ni jambo jema."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kristiana alijificha nyuma ya darasa la saba na kuwaita watu mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Shedrack, mvulana mkubwa mwenye sauti kubwa, ambaye akienda mahali nusu ya darasa humfuata.

"Karanga tamu, mshikaji wangu," Shedrack alisema akitafuna. "Lakini ukishika upawa, tutakumbukana?"

"Tutakumbukana," Kristiana aliahidi.

Ijumaa ilipofika, mstari nyuma ya Kristiana ulifika hadi kwenye mlingoti wa bendera. Wa Ummy ulikuwa mfupi, wengi wakiwa watoto wadogo. Ummy hakuwa amegawa kitu, hata pipi moja. Alikuja moja kwa moja akampa mkono mshindi wake.

"Hongera, Kristi. Nitakusaidia kubeba masufuria ukitaka."

Kristiana alipokea mkono ule, na badala ya kufurahi akaona uchungu. Hata kushindwa, Ummy alijua kushindwa vizuri kuliko wenzake!

Jumatatu mchana alisimama mbele ya sufuria kubwa, upawa mkononi, akijiona mtu. Shedrack alileta bakuli lake, akapewa upawa mmoja, hakuondoka.

"Ongeza, kiranja."

"Kila mtu ni upawa mmoja."

Shedrack akainama karibu na sikio lake. "Nasi tulisimama nyuma yako bure? Si ulisema tutakumbukana?"

Kristiana aliangalia huku na huku, akaongeza. Aliyefuata naye akakumbusha karanga, akaongezewa. Wakaja wengine na wengine. Watoto wa darasa la kwanza walipofika mwisho wa mstari, upawa ulikuwa unakwaruza chuma. Mtoto mmoja anayeitwa Sophia, ambaye nyumbani kwao kulikuwa mbali kupita wenzake wote, alinyoosha bakuli lake.

"Dada, na mimi?"

Kristiana alimkwangulia mchuzi na punje chache za mahindi. Ndipo Ummy alipoinuka mahali alipokuwa anakula, akamimina nusu ya makande yake katika bakuli la Sophia, akarudi kukaa.

"Anajionyesha tu!" Kristiana alinung'unika, akimwonea wivu hata kwa bakuli lililobaki nusu. Wivu ulikuwa umemkaba hivi kwamba hakuona aibu yake mwenyewe.

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano, Sophia hakupanga mstari kabisa. Alikaa kwenye ngazi za darasa, bakuli tupu limegeuzwa kifudifudi mapajani.

"Wewe mbona huji kuchukua chakula?" Kristiana alimwuliza.

"Mimi bado mdogo, dada," Sophia alijibu bila kulalamika. "Chakula ni cha wakubwa."

Maneno hayo yalimwingia Kristiana. Usiku aliuacha ugali wake. Mama yake alipomwuliza kama anaumwa, alilia, akaeleza yote. Lakini hata akilia alijitetea.

"Mama, si na sisi tuliwapa majirani karanga wakatufanyia kazi? Kosa langu ni nini?"

Mama Fransiska alifuta mikono, akakaa karibu naye. "Majirani walikula wapi?"

"Hapo uwanjani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kila mtu."

"Na wenzako uliwalisha wapi?"

"Nyuma ya darasa," Kristiana alisema.

"Unaona sasa? Shamba ni letu. Anayetulimia tunamlisha chakula chetu, mbele za watu, na hapo hakuna anayemdai mwenzake. Lakini kura si shamba lako. Ni mali ya anayepiga, ampe anayemwona anafaa. Wewe umeinunua kwa karanga zetu, na sasa unailipa kwa makande ya watoto wa watu. Hiyo ni rushwa, mwanangu, hata ikikaangwa kwa chumvi."

"Sasa nifanyeje?"

"Ulikwenda mwenyewe kugawa. Kesho nenda mwenyewe ukaseme."

Kristiana alijua maana yake. Akisema, upawa utakwenda kwa Ummy. Ungekwenda kwa mtu mwingine yeyote asingeumia sana, lakini Ummy! Mwenye viatu, mwenye duka, mwenye sifa, aongezewe na hiki? Aligeuka kitandani akinuna, mara akamfikiria Sophia na bakuli lake lililogeuzwa, mara Ummy na viatu vyake, hadi usingizi ukamchukua.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mboje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kristiana. Kuna nini?"

Alisema yote. Mwalimu Mboje alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia ayarudie mstarini mbele ya wenzake. Wengine walizomea. Shedrack alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Msimzomee," mwalimu alisema kwa ukali. "Anayetoa rushwa na anayepokea wote wana hatia, na humu mstarini mliokula karanga nawaona. Cheo cha kununua huwa na wenyewe wengi. Kristiana alishika upawa, lakini waliokuwa wanapakua ni nyinyi. Na aliyeshinda na njaa ni mtoto wa darasa la kwanza."

Waliokula karanga wakapewa kazi ya kuosha masufuria hadi mwisho wa mwezi, Shedrack wa kwanza. Uchaguzi ukarudiwa, safari hii kwa karatasi, kila mtu peke yake. Ummy alikuwa na mpinzani mwingine, mvulana wa darasa la tano. Kristiana alishika kalamu. Hakuna ambaye angejua ameandika nini. Akauma mdomo, akaandika jina.

Mchana huo Sophia alipanga mstari, akala mpaka akashiba.

Jioni Mama Fransiska alikuwa anachambua maharage mlangoni. "Amechaguliwa nani?" aliuliza.

"Ummy."

"Na wewe kura yako ulimpa nani?"

"Yeye. Anafaa, mama. Hampunji mtu."

"Kwa hiyo wivu umekwisha?"

Kristiana alifikiri kudanganya, akaona amechoka na uongo. "Haujaisha. Leo nilipomwona na ule upawa, roho iliniuma kupita siku zote."

Mama yake alicheka, akamvuta karibu. "Wivu ni wako, mwanangu, na hapa nyumbani tutauvumilia mpaka uchoke wenyewe. Ila usiulishe tena kwa chakula cha watoto wa watu."