Karibu ya Vero

Jioni ile nilikuwa nashuka ngazi na hotpoti ya ndizi, nampelekea Papa Polycarpe. Jambo la kawaida kabisa. Ni mzee wa Kikongo, mke wake alishafariki, anaishi peke yake ghorofa ya chini ya jumba letu hapa Schaerbeek, Brussels, na kila nikipata ndizi nzuri kule Matonge, kwenye maduka ya Wakongo, humwekea zake. Ilikuwa saa kumi na moja tu, lakini Novemba ya huku giza halisubiri mtu.

Nyuma yangu ngazi zikalia.

Nikasimama... Zikanyamaza.

Sikugeuka. Nilijua ni nani, na nilikuwa nimemwachia mlango wazi makusudi.

Ngoja nianzie San Sebastián, la sivyo mtasema Adelina kachanganyikiwa na baridi ya Ulaya.

Septemba ya mwaka huo, 2013, ofisi ya mume wangu Philbert ilimpeleka kule Uhispania kwenye mkutano, na mimi na binti yetu Vero tukajibandika. Mji mzuri, jamani! Bahari iko katikati ya mji, imezungushiwa uzio mweupe wa chuma, na jioni mabibi wazee wanatembea kando yake wamevaa utadhani wanakwenda harusini. Na chakula sasa! Unaingia baa za mji wa kale, kaunta nzima imejaa vipande vya mkate, juu yake dagaa, kaa, uyoga, kila kimoja kimechomekwa kijiti. Unakula umesimama, unahamia baa ya pili. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha sketi.

Katika baa moja Vero alishika mkate wake, akageukia kona, akasema kwa Kiswahili safi:

"Karibu, bibi."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwetu Bukoba huwezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha, na nilikuwa nimemkalia kooni mtoto wa watu, hata kwenye tramu na biskuti zake. Sema karibu, Vero, usiwe mchoyo. Wala hatutegemei mtu akubali. Atasema asante, nimeshiba, na maisha yanaendelea.

Nikageuka nimsalimie huyo bibi. Konani kulikuwa na kiti kitupu. Chini yake, maji.

Mhudumu alikuwa ameona. Uso ulimbadilika, akafanya ishara ya msalaba, akatuletea makoti yetu yeye mwenyewe. Tukaelewa tunafukuzwa. Philbert akacheka, nami nikacheka.

Tuliporudi Brussels, Vero akaanza kukonda. Sahani alikuwa anamaliza, haki ya Mungu, inabaki nyeupe, lakini mashavu yanazama tu. Daktari akapima damu, akapima choo, hakuona kitu. Philbert akasema ni mambo ya shule.

Mimi nilikuwa nasikia.

Nikiwa jikoni, na Vero mezani peke yake... nasikia watu wawili wanatafuna. Na kiti cha pembeni yake kila siku kimelowa, kinanuka mwani na manukato ya bei mbaya.

"Vero, nani anakula na wewe?"

"Bibi wa kule baharini," akanong'ona. "Ana glavu nyeupe, hazivui hata akila. Anaanza yeye, mimi nalamba sahani."

"Mwambie aende kwao."

"Hataki, mama. Anasema anakaa na aliyemkaribisha. Labda mtu mwingine amkaribishe."

Basi dawa nilikuwa nayo mdomoni. Neno moja tu. Mama yeyote angelisema palepale. Nikavuta kiti, nikakaa na sahani yangu, nikafungua mdomo... Kitambaa cha meza mbele yangu kikabonyea, kama mtu ameegemeza viwiko viwili. Ubaridi ukanipanda magotini.

Nikafunga mdomo.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema. Niliogopa kufa, na mwanangu ananiangalia.

Ndipo nikamkumbuka Papa Polycarpe. Mzee wa adabu zake, hajawahi kupokea chakula changu bila kunikaribisha nile naye. Nikachukua sahani ya Vero kabla haijaguswa, nikaimimina kwenye hotpoti. Nikaacha mlango wazi. Nikashuka.

Nikagonga.

"Maman Vero! Ingia, ingia. Bon, leo ni ndizi?" Akafungua kifuniko, akanusa, akatabasamu. Kisha akainua macho.

Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu.

Tone la maji baridi likanidondokea shingoni. Bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumwambia, Papa, leo usinikaribishe, nina haraka. Nilitazama kapeti.

"Karibu," akasema taratibu. "Karibuni, tukule."

Kiti chake cha pili kikasogea chenyewe.

Jioni hiyohiyo Vero aliomba aongezwe. Mashavu yakarudi, na Philbert akasema, unaona, si nilikuambia ni shule? Kule chini, suruali za Papa Polycarpe zikaanza kufungwa kwa kamba. Nikawa nampelekea chakula kila siku, nyama, maharage, samaki, sufuria nzima, kana kwamba chakula ndicho alichokosa.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nilikaa kwenye kochi lake, nikaangua kilio.

"Papa, yule mgeni... mimi ndiye..."

"Nilimuona," akanikatiza. "Ile siku, tangu ku mulango nilimuona. Alikuwa ameshika mabega yako."

Yesu wangu. Nikakosa pa kuweka uso.

"Sasa kwa nini ulisema karibu?"

"Mutoto iko na miaka sita, maman. Miye niko na soixante-dix-huit, sabini na nane." Akapangusa kijiko chake kwa shati. "Na alors, miye pia nilichoka kukula peke yangu."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angenitukana. Afadhali angenifukuza mbele ya majirani wote nikatembea nimeinamisha kichwa.

Kisha akaniinamia, jicho moja kwenye kile kiti kilicholowa, akanong'ona:

"Shida iko moja tu. Kila siku ananiuliza kama kule juu mungali munapika."

Sasa ni Februari. Kila jioni nashuka na hotpoti, namlisha kwa kijiko maana mikono inamtetemeka, na pembeni yangu nasikia kutafuna. Nikirudi juu namkuta Vero ameshalala, mnene, mzuri, midomo ina mafuta. Napiga magoti kando ya kitanda chake, namwomba Mungu ampe mzee yule maisha marefu. Naomba kwa machozi kabisa.

Na Mungu anajua kwamba simwombei yeye.