Sema Sita Nitue

"Mapipa mangapi?" Sauti ya mumewe ilikwaruza redioni.

Mwongoza ndege akachungulia dirishani. Kando ya njia ya kutua ndege yamepangwa mapipa meupe sita. Yakionekana yote, rubani anaruhusiwa kutua. Asubuhi ile ukungu ulishameza manne.

"Mawili. Geuza, rudi ulikotoka."

"Sirudi. Nashuka."

"Husikii? Mawili. Na kilima kiko mbele yako."

Jamaa akalipuka.

"Unanikomoa tu. Umeshajua niko naye humu, ndiyo maana hutaki nitue."

Mama wa watu akaganda. Ajue nini, jamani? Alichojua yeye ni ndege ya mizigo, rubani na magunia, basi.

"Uko na nani?"

Akajibiwa na kilio cha mwanamke. "Dada, nisamehe. Hatuoni kitu."

Sauti ile angeitambua hata usingizini. Karani wa tiketi, shoga yake wa kufa na kuzikana, aliyeomba ruhusa jana eti ana homa. Na yeye, kwa ujinga wake, akamshikia zamu. Nyuma yake bosi na marubani wengine walikuwa wamesimama mlangoni, wanasikia kila neno.

"Mke wangu, najua ni sita. Sema sita, nitue."

Neno moja tu. Alikuwa nalo mdomoni. Aliwachukia wote wawili. Akabonyeza kitufe.

"Mawili," akasema. "Panda juu sasa hivi. Geukia mashariki, katue uwanja wa pili."

Safari hii akatii.

Adhuhuri ukungu ukaisha, wakarudi. Uwanja mzima ulitoka nje kuwapokea. Bosi akaanza kwa kumnyang'anya rubani funguo za ndege. Karani akashuka kajifunika khanga usoni.

"Pole na homa, shoga," mwongoza ndege akamwambia.

Rubani akamsogelea mkewe, macho yamelowa. "Asante. Umeniokoa. Kumbe bado unanipenda."

"Nikupende? Ungekufa, watu wangekulilia na kukusifu, na huyu angekaa kando yangu akinifuta machozi. Nimekurudisha mzima ili uaibike mchana kweupe, na masikio yako yasikie."

"Mke wangu, twende nyumbani tuongee."

"Nyumbani kwa nani? Begi lako liko juu ya pipa la sita. Sasa hivi linaonekana vizuri."